Musiuzishe sanduku ya nkambo kwa kilo

Mwezi uliopita mutoto mumoja wa mitraille alipita katika avenue yetu na pusu-pusu yake. Alikuwa anapiga chuma juu ya chuma na kulalamika sawa vile wote wanalalamika: kasoroli za kutoboka, batri za kufa, makopo, waya, kila chuma kiko na makuta yake. Mudogo wangu akamuita. Akatosha katika depo sanduku ya mbao ya nkambo wetu, ile tulikuwa tunaikalia wakati tulikuwa watoto, akamwanga vyuma vyote juu ya kipimo. Kilo kumi na mbili na nusu. Mbao mutoto hakuitaka, alitaka chuma tu.

Nilifika wakati makuta yalikuwa yamekwisha kuhesabiwa. Nikasema: «Ngoja kwanza.» Mudogo wangu akanijibu: «Yaya, hii ni bintu ya bule. Tangu nkambo alikufa hakuna mutu alifungula. Na watoto wako na deni ya masomo.»

Juu ya deni hakudanganya. Nyumba nyingi za kwetu ziko vile, na mutu mwenye njaa hana haja ya mafundisho. Lakini alikosea juu ya neno moja, ile neno «bule». Juu ya ile neno moja niliomba nafasi katika gazeti hii, niseme na nyinyi, familia za wachimbaji wa Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi. Katika depo zenu kunaweza kuwa sanduku ya namna ile. Mawazo yangu ni haya: musiuzishe kwa kilo kitu ambacho hamujakijua jina. Kwanza mukitambue. Kiisha mutajua kama ni cha kuuzisha ao ni cha kuchunga.

Sanduku ilikuwa na nini

Turnevis tatu, mbili za upana tofauti na moja fupi sana. Nyundo ndogo yenye kichwa cha shaba nyekundu. Tupa nne, moja nyembamba sawa mukia wa panya. Pensi. Vyuma virefu vya kusukumia pini. Fimbo ya chuma yenye tundu kwa ncha, ya kupitisha kitambaa. Vyuma viwili vidogo vya kung'aa, umbo ya risasi lakini bila baruti, bila tundu, vizito, na namba juu yake. Na juu ya kifuniko ya mbao herufi mbili zilizochomwa na moto, FP, na chini yake mwaka.

Ajusteur yeyote wa atelier ataona vile vitu na kusema: hizi ni outils za kazi ya kila siku. Tupa ni tupa, pensi ni pensi. Lakini vile vyuma viwili vidogo haviko vya atelier ya muchimbaji. Ni vipimo vya armurier, fundi wa bunduki wa jeshi. Na FP ni Force Publique, jeshi ya Congo wakati wa Wabelgiji, ile iliyoanzishwa miaka ya 1880 chini ya mufalme Leopold II na ikageuzwa Armée Nationale Congolaise mu 1960.

Nkambo wetu aliingia Force Publique akiwa kijana, akajifunza kutengeneza bunduki pembeni ya armurier muzungu, akatoka katikati ya miaka ya 1950, akaingia kazi ya kampuni ya shaba kama ajusteur. Mikono yake ilitumika na vyuma vile vile, kwanza kwa bunduki, kiisha kwa pompe na konkaseri. Njo maana hii sanduku inatuhusu sisi watu wa mine. Wengi katika wazee wetu walipitia ile njia: kutoka kambi ya ba-soldat mpaka kambi ya watumishi.

Kazi ya armurier

Watu wanafikiri armurier ni mutu wa kupangusa bunduki na mafuta. Hapana. Kila soldat alikuwa anapangusa yake. Armurier alikuwa mutu wa kupima na kuhukumu.

Bunduki ya vita inafunga risasi ndani na chuma inayokwenda mbele na nyuma, wazee walikuwa wanaiita culasse. Kati ya uso wa culasse na matako ya risasi kuna nafasi kidogo sana. Bunduki ikitumika miaka, ile nafasi inakua. Ikikua kupita kiasi, ganda ya risasi inapasuka na moto unarudia kwa uso wa mwenye kupiga. Sasa, macho hayawezi kuona ile nafasi. Njo maana kuna vipimo viwili: kimoja culasse inapaswa kufunga juu yake, kingine inapaswa kukataa kufunga. Kama inafunga juu ya kile cha pili, bunduki haifai tena, inatoka katika kazi.

Nyinyi munajua namna hii ya kufikiri kuliko wengi. Hakuna mutu wa akili anashuka mu puits kama câble ya cage haikupimwa. Câble inaweza kung'aa na kuwa imechoka ndani. Armurier alikuwa anafanya kwa bunduki kile fundi wa câble anafanya kwa cage: anapima kile macho hayaoni, anaandika namba, anatia sahihi. Kilo kumi na mbili na nusu za mitraille haziambii mutu ile kazi.

Namna ya kutambua

Sasa nitasema namna unaweza kutambua sanduku ya namna hii, juu wengi wataniuliza. Hauna haja ya kuwa professeur. Unahitaji mwangaza, kitambaa, chaki, na pied à coulisse, ile kipimo ya ajusteur ambayo katika kila avenue kuna muzee mumoja anayo.

Ya kwanza: usipige meule, usipige brosi ya waya, usitie rangi. Huu ni ubaya mukubwa kuliko kutu. Watu wanataka kitu kipendeze, na kwa dakika moja wanafuta alama ambazo zilikuwa maisha yote ya kile kitu. Weka petroli ya taa ao mafuta, ngoja, pangusa na kitambaa, rudilia kesho. Kutu ya juu itatoka polepole. Kiisha sugua chaki juu ya chuma: chaki inaingia katika herufi na unasoma. Kama bado haisomeki, weka karatasi juu yake na usugue na kreyo.

Ya pili: tafuta alama. Chuma nyingi ya jeshi iko na muhuri wa mwenyewe. FP, nimekwisha kusema. ABL ni jeshi ya Ubelgiji yenyewe, majina yake mawili ya Kifaransa na Kiflama kuunganishwa. Ukiona mushale mudogo wa miguu mitatu, sawa mguu wa kuku, ni mali ya serikali ya Uingereza; walitumia ile alama miaka mingi sana, kwa bunduki, kwa nyundo, hata kwa visu. Wakati wa vita ya pili Waingereza waliwapa ma-fabrike yao namba za siri zinazoanza na herufi N, M ao S, kufuata upande wa inchi ambako fabrike ilikuwa. Kwa Wamarekani utaona herufi US, ao bombe ndogo ya mviringo yenye moto juu yake, alama ya idara yao ya silaha. Kwa Wajerumani wa wakati wa Hitler kuna tai mudogo na herufi WaA na namba. Uwe na akili na huyu tai: wadanganyifu wanamupiga leo juu ya kila turnevis ya zamani, juu anapandisha bei. Mushale wa Waingereza pia wanaupiga. Alama ya kweli imechakaa pamoja na chuma. Alama ya jana iko na kando kali na inapita juu ya kutu ya zamani.

Ya tatu: pima. Kila bunduki iko na kalibri yake, na vyombo vinafuata kalibri. Force Publique ilianza na bunduki za aina nyingi. Ile iliyojulikana sana kwa askari wa zamani ni Albini, bunduki ya risasi moja-moja, kalibri ya milimetri 11. Fimbo ya kupangusa Albini haiingii kabisa katika Mauser. Mauser ya Wabelgiji ni ya 1889, kalibri 7,65, risasi tano ndani. Fabrike ya FN ya Herstal, karibu na Liège, ilizaliwa ule mwaka wa 1889 kusudi tu ya kutengeneza zile Mauser 150.000 kwa jeshi ya Ubelgiji. Kiisha vita ya pili FN ilitengenezea Force Publique bunduki za kalibri ya Wamarekani, ile ya .30. Na kama fimbo ni ya milimetri 9, ilikuwa ya pistole ao ya mitraillette.

Kati ya 7,65 na .30 na .303 ya Waingereza, fimbo peke yake haitakuambia kitu, zinakaribiana sana. Hapo unatafuta vile vipimo vidogo na unasoma namba. Kwa mufano, Waingereza kwa bunduki yao ya .303 walikuwa na kimoja cha .064 na kingine cha .074, ni vipande vya inchi. Mutu asiyejua anavitupa kwa watoto wacheze. Mwenye kujua anaona hapo cheti ya kuzaliwa ya sanduku nzima.

Ya ine: jaribu vis na ekru. Wamekanisien wetu wanajua mateso ya clé ambayo haishiki. Kitu cha Ubelgiji mara nyingi ni milimetri. Ukisoma juu ya clé kitu kama 1/4 W, ile W ni Whitworth, kipimo cha Waingereza, na ile namba haisemi upana wa mulomo wa clé, inasema unene wa bulon. Sanduku yenye herufi FP na ndani clé tatu za Whitworth inakuambia kwamba mutu aliongeza vitu vingine kiisha. Haiko kosa. Mutu anayetumika anaongeza. Lakini andika ile, usiifiche.

Ya tano, na hii njo ngumu kwa watu wetu: usitenganishe. Wale wanaokusanya hivi vitu huko Ulaya na Marekani wanatafuta sanduku kamili: mbao yake, kitambaa yake ya kuviringia, nafasi ya kila chombo, hata karatasi ya orodha kama ingali imebandikwa ndani ya kifuniko. Chombo kimoja-kimoja kiko tu chuma. Pamoja vinasema jambo. Ukitoa tupa moja kwa jirani na nyundo kwa shemeji, umevunja sentensi katikati, na hakuna mutu ataisoma tena.

Neno ya hatari

Nasema na nguvu: ninaongea juu ya vyombo, siongei juu ya silaha. Kama ndani ya sanduku umekuta culasse, mtutu, ao kipande kingine cha bunduki, ile haiko ya kuchunga nyumbani wala ya kuuzisha. Nenda kwa chefu wa quartier, yeye akupeleke kwa wenye mamlaka, na usiende peke yako. Kama umekuta risasi, angalia: kuna risasi za kujifunzia, hazina baruti, na kuna za kweli, na mutu asiyejua hawezi kutofautisha. Usipige nyundo juu ya risasi kusudi utoe shaba. Usitie mu moto. Usipatie mutoto. Na grenade ao obus usiiguse hata na fimbo. Fukuza watoto, weka alama, ita watu wa kazi. Ba-creuseurs wanajua hii kuliko wengine, juu udongo wa kwetu umepita vita nyingi na saa zingine pelle inagonga kitu ambacho haiko jiwe.

Ile jirani aliniambia

Sasa nafika pa ngumu. Kama ingekuwa tu habari ya chuma na alama, nisingeandika.

Kiisha kurudisha makuta kwa mutoto wa mitraille, niliweka vyombo vyote juu ya meza ya inje kusudi nivipanguse. Jirani wetu, muzee mumoja wa kustaafu, alipita, akasimama kwa mulango. Anatupenda, tunakula pamoja siku ya sikukuu. Aliona herufi FP. Akasema polepole: «Hii njo unapangusa? Papa yangu alikuwa pale mu 1941.»

Kwa vijana nitakumbusha. Mu Desemba 1941 watumishi weusi wa Union Minière walisimamisha kazi. Vita ilikuwa imepandisha bei ya vitu, Ulaya ilihitaji shaba mingi, wazungu wa kampuni walikuwa wamepata ongezeko ya mushahara, weusi hapana. Tarehe 9 Desemba, hapa Elisabethville, watu walikuwa wamekusanyika katika uwanja ya mupira ya kambi. Walikuja kuongea juu ya mushahara. Ba-soldat wa Force Publique walipiga risasi. Makumi ya watu walikufa, na Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasema kwa jina ya wenzake, alikuwa kati yao. Tshibumba Kanda Matulu, yule mupiga picha wa rangi wa kwetu, aliichora ile siku miaka thelathini kiisha, juu katika cité ilikuwa haijasahauliwa.

Na ule mwaka ule ule, 1941, miezi mitano mbele, Force Publique ile ile ilikuwa imeshinda Waitaliano kule Saio, mu Ethiopia. Tunapenda kusimulia Saio. Tunapenda kusimulia Tabora ya 1916. Mufalme na ma-général walipata medali, nkambo zetu walipata wimbo. Lakini bunduki ya Saio na bunduki ya uwanja ya mupira zilitoka mu armurerie ya jeshi moja, na mutu mumoja wa namna ya nkambo wangu alizipima, akasema: hii iko muzuri, itoke.

Nkambo wangu hakusema kamwe juu ya siku ile. Mara moja tu, nilikuwa na miaka kumi na mbili hivi, nilimuuliza kama aliua mutu. Akasema: «Mimi nilikuwa natengeneza. Sikukuwa napiga.» Akanyamaza, akaenda inje. Niliona kama ni jibu nzuri. Leo ninajua ilikuwa jibu ya mutu aliyeitafuta miaka mingi.

Nilimwambia jirani: «Papa, kuja ukae, tuangalie pamoja.» Hakukubali siku ile. Alikuja kiisha siku mbili, na pied à coulisse yake mwenyewe katika mufuko, juu alikuwa ajusteur pia. Tulisoma kifuniko: chini ya FP kulikuwa 1952. Mudogo wangu, aliyekuwa pembeni, akapumua: «Basi haiko ile.» Familia yetu yote ilikuwa inaamini kwamba sanduku ile ni ya wakati wa vita. Kumbe mbao ilipigwa muhuri miaka kumi na moja kiisha ile risasi ya uwanja.

Lakini jirani hakuwa amemaliza. Alichukua vile vipimo viwili, akavisugua na chaki. Kimoja kilikuwa na namba ya kalibri .30, kile cha bunduki mupya, kinapatana na 1952. Kingine kilikuwa na 7,65. Bunduki ya zamani. Kile kilitoka katika sanduku ingine, ya mbele, kikahamia na nkambo. Jirani alikishika mukononi muda murefu. Akasema: «Hii haiseme ilikuwa pale. Haiseme pia haikuwa pale.» Akakirudisha mu nafasi yake katika kitambaa, sawa vile ajusteur anarudisha chombo cha mwenzake.

Juu ya nini nachunga

Wengine wataniambia: basi tupa! Kitu cha jeshi ya chicotte, cha ba-soldat waliopiga baba zetu, unakichunga kufanya nini? Nafahamu ile hasira na sitaicheka. Lakini naomba mufikiri. Nani anafurahi kama vile vitu vinapotea? Haiko muchimbaji. Mutu aliyekufa katika uwanja ya mupira hakuacha karatasi nyingi. Ripoti za siku ile ziliandikwa na wale waliotoa amri. Kwa upande wetu tunabaki na masimulizi, na masimulizi yanachoka na wazee. Chuma yenye namba haiwezi kusema yote, lakini haiseme uongo juu ya mwaka wake. Ilituzuia sisi wenyewe kudanganya, mara mbili kwa siku moja: ilikataa hadithi yetu ya vita, na ilikataa pia kutuachilia huru.

Wengine wataniambia kinyume: ni heshima ya nkambo, isugue, ingare, iweke mu salon. Hapana pia. Siitaki mu salon sawa kombe. Sanduku ya armurier haiko sifa na haiko laana. Ni chombo cha kazi, na kazi ile ilikuwa na upande wa akili na upande wa damu. Mwenye kuichunga achunge pande zote mbili.

Na wengine, hawa ni wengi, wataniambia: tuko na njaa. Kwa hao siko na jibu ya kupendeza. Kama mutoto ni mugonjwa na sanduku ndiyo kitu peke yake kinabaki, uzisha, hakuna nkambo ataikataa. Lakini usiuzishe kwa kipimo cha kilo kwa mutu wa kwanza anayepita. Piga picha kwanza. Andika mu kaye kila chombo, kila alama, jina ya mwenyewe, alitumika wapi, kuanzia mwaka gani. Ile kaye ibaki nyumbani hata kama chuma imekwenda. Na bei ya kitu kinachojulikana haiko sawa na bei ya mitraille. Wale wanaonunua hapa na kuvusha kule wanajua hii muzuri, njo maana wengine wanafika na maneno matamu na wanasema «ni bule tu, mama, nitakusaidia kuitosha».

Kile naomba

Naomba mambo matatu.

Kwa familia: wiki hii, fungula depo. Angalia sanduku ya muzee. Uliza wale wangali wazima, kabla hawajaenda. Mara nyingi utakuta haiko ya jeshi hata kidogo, ni sanduku ya ajusteur, ya électricien, ya boiseur wa chini ya udongo. Usivunjike moyo. Ile nayo andika vile vile. Tupa ya mutu aliyetengeneza pompe za Kipushi iko na haki ya kuwa na jina sawa tupa ya mutu aliyetengeneza bunduki, na mimi nasema haki yake inapita.

Kwa wazee wa atelier: kopesheni pied à coulisse zenu na macho yenu. Kijana anaweza kupiga picha na telefone, lakini hajui kwamba ile chuma fupi ni ya kusukuma pini. Nyinyi munajua. Saa moja katika mwezi, chini ya mwembe, watu walete vitu vyao, muvisome pamoja.

Kwa mji wetu: tuko na Musée national hapa Lubumbashi. Tuko na chuo kikubwa, na ile kazi ya Mémoires de Lubumbashi ambayo tangu mwanzo wa miaka 2000 ilikusanya masimulizi na vitu vya nyumba za watu wa mji. Njia iliisha kufungwa na ilifunguliwa na watu wa kwetu wenyewe. Ifuatwe. Haiko lazima familia itoe kitu chake. Inatosha kiandikwe, kipigwe picha, kirudi nyumbani na namba yake. Na siku watu watapanga meza ya 9 Desemba 1941, kusiwe tu picha ya mufu. Kuwe pia kile kipimo cha 7,65, pembeni ya jeto ya mutumishi, ile chuma yenye namba muchimbaji alikuwa anabeba shingoni ao mufukoni. Namba mbili, za watu wa avenue moja.

Sanduku yetu imerudi mu depo, lakini haikaliwe tena. Tuliweka juu yake karatasi: jina ya nkambo, FP, 1952, na ndani kitu kimoja cha zamani zaidi. Mudogo wangu aliandika orodha na mukono wake, chombo kwa chombo. Deni ya masomo bado iko, tunalipa polepole. Jirani aliomba kama siku moja wajukuu wake wanaweza kuja kuangalia. Nilimuambia waje wakati wanataka, na walete kaye.